Jiko Nililolipigania

Iguguno,
Jumapili, 23 Agosti 1998

Kwako wifi yangu mpendwa, Mama Benson,

Shikamoo. Habari za Rungwa, na habari za watoto? Shemeji Petro ameshatoka porini? Dereva mmoja wa lori aliyelala hapa alituambia kwamba mvua za mwaka huu zilifukuza nyuki kwenye mizinga mingi, na kwamba barabara ya kwenu kutoka Itigi ilikatika mara mbili. Tulikaa na wasiwasi mpaka salamu zako zilipofika. Mungu ashukuriwe kwamba mko wazima wote.

Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, ila miguu bado ni ile ile, na macho sasa yanaona vivuli tu. Hana yuko darasa la nne na Stefano ameanza la kwanza mwaka huu. Mdogo wako Manase anashinda kwenye mashine yake ya kukamua mafuta kuanzia asubuhi hadi jua linazama, maana alizeti imekubali kweli kweli. Wanunuzi wanakuja na malori kutoka Arusha, wengine kutoka Mwanza, kila mmoja na bei yake mdomoni, na wazee wanashangaa kwamba mtu anaweza kuuza mazao yake bila kupanga foleni kwa chama cha ushirika. Ukija utaona. Yamefunguliwa maduka mapya matatu, na siku ya mnada mitumba inatandazwa hadi karibu na kanisa.

Wifi, kabla sijaendelea nina ombi. Najua Benson hupenda kukusomea barua, na anasoma vizuri. Hii isome mwenyewe. Kama yuko hapo mtume mahali. Nimeiandika mara tatu, nimechana mara mbili, na karatasi hizi ni za daftari la Hana. Nikiichana na hii sitaandika tena.

Habari yenyewe ni ya nyumba, na ya jiko.

Unakumbuka Pasaka ulipokuja, bati lilikuwa limeshapanda lakini ndani palikuwa wazi kama ghala. Msingi tulichimba mwaka tisini na sita tulipovuna vizuri, kuta zikafika kwenye linta, njaa ikaingia, tukaacha. Mwaka huu mvua zilipotupa nguvu tena, fundi Antipasi alikuwa anasubiri kuambiwa wapi ajenge kuta za ndani. Ndipo Manase akaja na mawazo yake ya Arusha. Alikuwa amekwenda kutafuta vipuri vya mashine, akakaribishwa chakula nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja, akakuta jiko na sebule ni chumba kimoja, hakuna ukuta kati, kuna kaunta tu. Mke wa yule bwana alikuwa anakaanga samaki huku anaongea na wageni. Manase alirudi amelewa ile picha. Alituchorea sakafuni kwa kipande cha mkaa, hapa makochi, hapa kaunta, hapa jiko, na hapa dirishani kiti cha mama. Maana hiyo ndiyo sababu aliyoitoa, kama unakumbuka. Alisema mama tangu miguu ichoke anashinda peke yake na redio, na jiko likiwa sebuleni atakuwa na watu siku nzima hata kama hawaoni.

Mimi nilikataa. Nilisema sisi hatuna gesi ya Arusha, tunapikia kuni na mkaa, na moshi utageuza vitambaa vya makochi kuwa masizi. Nilisema harufu ya dagaa itamkaribisha mchungaji kabla yangu. Nilisema wakwe wakija nitawapa mgongo nikisonga ugali, jasho linanitiririka, na hiyo si heshima. Kila nililosema lilikuwa kweli. Na wewe, Wifi, ukasimama upande wangu. Ulimwambia Manase mbele ya ndugu wote kwamba anataka kumpikisha mke wake mbele za watu kama mama lishe wa stendi ya Singida. Watu walicheka, hata yeye mwenyewe alicheka, akafuta mchoro wake kwa mguu.

Mama aliulizwa mwisho. Alisema kwenye tembe, ile nyumba ya udongo alimowalea ninyi, moto ulikuwa ndani na hakuna aliyekufa kwa moshi, na kwamba yeye mahali popote anaposikia sufuria zinagongana panamtosha. Tulidhani anatania. Tukacheka tena.

Nilipokusindikiza barabarani ulinishika mkono ukaniambia nisikubali, jiko ni mahali pa mwanamke kupumua. Nilikuitikia nikiwa natazama lori. Ulidhani nina haraka ya kurudi kwa watoto. Nilishindwa kukutazama usoni.

Basi Antipasi akajenga ukuta. Manase alimwomba aache angalau kidirisha cha kupitishia chakula, naye akakiacha. Siku mbili baadaye, Manase akiwa kwenye mashine, nilimwita Antipasi nikamwambia akizibe. Akasema, mama Hana, utachoka kuzunguka nje na sahani. Nikamwambia ziba, na upandishe ukuta hadi kwenye dari. Nilisimama pale pale mpaka tofali la mwisho. Mlango wa jiko ukabaki mmoja tu, wa kutokea uani, kwa hiyo kutoka sebuleni kwenda jikoni lazima utoke mlango wa mbele uizunguke nyumba. Mwisho wa Juni tukahamia.

Sasa nitakuambia kwa nini niliutaka ule ukuta. Haikuwa moshi, wala mchungaji.

Wifi, mwaka jana njaa ilipobana tulikuwa bado kwenye ile nyumba ndogo, na jiko lilikuwa kibanda cha udongo uani. Unajua hali ilivyokuwa, nanyi huko hamkusalimika. Mvua ilinyesha mara moja ikapotea. Mashine ilisimama, hakuna alizeti ya kukamua. Manase alikuwa anasafiri wiki nzima hadi mbili kutafuta mahindi upande wa Shinyanga, ananiacha na watoto na mama. Tulikula uji wa mtama asubuhi, na jioni ugali mdogo na mlenda. Nywele za Stefano zilianza kuwa nyekundu. Usiku ule... hapana, sitaki kupamba. Ilikuwa mchana wa kawaida. Kuku aliyekuwa amebaki alitaga, nikawa na mayai mawili. Niliyachemsha, nikawaita watoto jikoni, nikafunga mlango. Kila mmoja akala lake. Nikawafuta midomo kwa kanga yangu nikawaambia wasimwambie bibi.

Ndivyo ilivyoanza. Siku nyingine nilipika maharage, watoto nikawapa maharage, mama nikampelekea mchuzi. Nilijiambia kwamba mtu mzima wa umri ule hahitaji kingi. Nilijiambia kwamba hata yeye angeulizwa angesema watoto kwanza. Lakini sikumuuliza. Na mimi mwenyewe nilikula jikoni pamoja nao, Wifi. Hilo ndilo nililoliacha kwenye zile barua mbili nilizochana. Si watoto tu.

Halafu ukaja mzigo wako. Ulituma dumu la asali na karanga kwa yule mzee aliyepitia Itigi, na maneno kwamba asali ni ya mama, ya kifua chake. Mama alipewa kijiko mbele ya yule mzee aliyeileta, akafurahi, akakuombea. Siku ya pili alipewa kijiko kingine. Baada ya hapo dumu likakaa jikoni nyuma ya gunia la mkaa, na likaishia humo humo, mimi na watoto tukichovya michembe ya viazi vitamu. Karanga pia. Mama alikohoa mwezi mzima chumba cha pili.

Pasaka ulipomuuliza kuhusu asali, nilikuwa naingia na sinia la vikombe. Nilisimama mlangoni. Alikujibu kwamba ilikuwa asali nzuri sana, ilimtoa kikohozi, Mungu aubariki mkono uliotuma. Nilidhani amesahau. Nilijiambia ni uzee, kumbukumbu imechoka. Niliamini hivyo kwa sababu ilinifaa.

Kama ningeacha njaa ilipoisha, labda ningelifukia jambo hili nife nalo. Njaa iliisha. Ghala likajaa, kuku wakazaliana, Manase akawa analeta nyama kila siku ya mnada. Na mkono wangu ukaendelea vile vile. Maini na minofu jikoni, mfupa na mchuzi kwa mama. Wali jikoni, ugali kwa mama. Manase chakula cha mchana anakula kule kwenye mashine, na jioni tukikaa wote nagawa sawa kama mke mwema, kwa hiyo hakuona. Hata mimi nimejiuliza kwa nini niliendelea wakati chakula kipo. Mama hajawahi kunikosea hata kwa neno. Alinipokea nikiwa na miaka kumi na tisa, sijui hata kupepeta mtama vizuri, akanifundisha bila kunicheka. Nadhani nilikuwa nimezoea kuwa na mahali ambapo mimi ndiye ninayeamua nani ale nini, na nikapapenda. Kwa hiyo Manase aliposema ukuta usiwepo, nilisikia kama mtu ananiambia nivue nguo mbele za watu. Nikatafuta maneno ya moshi na heshima, na wewe ukanisaidia kwa moyo mweupe.

Mwezi uliopita, Alhamisi, nilichinja kuku. Watoto walikuwa wamerudi kutoka shule. Nilipika wali, tukakaa watatu jikoni, mlango nimeurudishia. Mama nilikuwa nimemwambia chakula bado, asubiri. Hana alikuwa anatuhadithia jinsi mwalimu wao alivyokalia chaki na suruali nyeusi, tukawa tunacheka. Katikati ya kicheko nikasikia fimbo kwenye changarawe. Alikuwa ametoka mlango wa mbele peke yake, ameizunguka nyumba nzima akipapasa ukuta kwa mkono. Sijui alitumia muda gani. Sijui alipita vipi pale penye mtaro. Mlango ukasukumwa.

Hana aliacha kutafuna. Na Stefano, Wifi, Stefano alichukua sahani yake akaificha nyuma ya mgongo. Alimficha bibi yake ambaye haoni. Sikumfundisha kwa mdomo. Mchuzi ulimmwagikia kwenye kaptula ya shule, naye hakusogea, ananitazama mimi aone nitasema nini.

Mama alisimama pale mlangoni ameshika fimbo kwa mikono miwili. Alisema kwa Kinyiramba, pole pole, kama anavyosema nao siku zote. Alisema, "Kula, mjukuu wangu. Sikufuata chakula. Nimefuata watu." Halafu akaomba kigoda.

Nilimpa kigoda. Nilimpakulia wali na paja, kijiko kikagonga sahani, na najua alisikia. Alikula kidogo, akamwambia Hana amalizie hadithi ya mwalimu. Hana hakuweza. Watoto walitoka mmoja mmoja, tukabaki wawili.

Niliona nipige magoti, nikapiga. Nikaanza kusema hili na lile, kwamba nilikuwa nataka kumletea, kwamba chakula kilikuwa bado cha moto. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akaniambia kwamba alijua tangu siku ya mayai. Watoto walikuwa wakilala naye kitanda kimoja, na mtu asiyeona vizuri ananusa. Alinusa mayai, alinusa karanga, alinusa asali vidoleni mwa Stefano, akamshukuru Mungu kwamba wamekula. Alisema njaa aliyoiona yeye utotoni ilikuwa kubwa kuliko ile, na kwamba chakula hakikumuuma sana. Kilichomuuma ni kusikia mlango unafungwa, halafu kusikia watu wanacheka ndani.

Nikamuuliza kwa nini basi Pasaka alikuambia wewe kwamba asali ilimponya. Aliweka sahani chini. Akasema, "Ningesema nini, mwanangu? Wewe ndiye unayenipikia."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayekuambia saa. Wifi, nimekaa na neno hilo mwezi mzima. Mimi nilijiona mtu mwenye kosa dogo la jikoni, mchoyo kidogo, kama wanawake wengine. Kumbe ndani ya nyumba yangu kulikuwa na mama mzima aliyekuwa ananiogopa. Alikuwa anachagua maneno yake mbele ya binti yake wa kumzaa, mtoto wake aliyesafiri siku mbili kuja kumwona, kwa sababu kesho yake wewe ungeondoka na sahani yake ingebaki mikononi mwangu.

Manase nilimwambia Jumapili iliyofuata, tulipotoka ibadani. Nilimwomba twende kwenye mashine, maana Jumapili hakuna watu kule. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, naye amekaa juu ya magunia ya mashudu ya alizeti. Hakupandisha sauti. Aliuliza swali moja tu, "Asali ya dada nayo?" Nikasema ndiyo. Akasimama, akapangusa suruali, akaenda nyumbani kwa miguu akiniacha kule. Nilipofika nilimkuta amekaa chini karibu na kiti cha mama, amemshika mguu.

Kwa siku nne hakunisemesha zaidi ya salamu. Siku ya tano nikamwuliza kama niondoke. Alisema hilo ni juu yangu, na ukuta pia ni juu yangu, aliyeuomba ndiye ataamua kama unakaa. Kwa hiyo ni mimi niliyekwenda kwa Antipasi. Alicheka sana. Aliniuliza kama sikumbuki nilivyomsimamia kama askari, panda, panda hadi darini. Nilimwacha acheke. Alidhani tumeiga mambo ya Arusha mwishowe, na kijiji kizima ndivyo kinavyodhani, kwamba mume wangu amenishinda.

Ukuta umevunjwa wiki mbili zilizopita. Na yale niliyoyasema Pasaka ni kweli. Moshi unaingia sebuleni, vitambaa vyote vimekuwa vya kijivu, na juzi mchungaji alikohoa hadi machozi wakati anasoma neno. Tumeweka kaunta ya mbao, Manase ameagiza bomba la kutolea moshi. Mama amewekewa kiti chake karibu na moto. Anachambua mboga kwa vidole, anasikiliza redio, anaulizia kila anayeingia ni nani na ana habari gani. Anacheka kuliko nilivyowahi kumsikia tangu niolewe. Manase anakula akiwa amekaa kando yake. Kwangu anapokea sahani, anasema asante, na hanitazami.

Usidhani nakuandikia ili uniambie basi yameisha. Wala sikuombi unifichie. Waambie ndugu zako wote ukiona inafaa, walinisikia nikitetea heshima mbele yao, wana haki ya kujua ilikuwa heshima gani. Na kama utataka kuja kumchukua mama akae nawe Rungwa, sitafungua mdomo kukuzuia. Nimemwuliza yeye mwenyewe. Alisema atakaa kwanza, kwa sababu Hana hajamaliza kumfundisha wimbo wa shule. Lakini njoo umuulize wewe, mkiwa wawili peke yenu, nami nitatoka niende hata kisimani, ili safari hii akujibu bila kunifikiria mimi.

Kuna jambo moja limebaki, nalo sijamwambia hata Manase. Siku hizi nampakulia mama kwanza. Nampa kipande kizuri kuliko vyote, nakiweka mwenyewe mbele yake. Anakipapasa, anauliza kwa sauti kama watoto wameshapewa. Nikisema wamepewa, bado anakikata vipande vitatu kwa vidole vyake. Kimoja anampa Stefano, kimoja Hana. Cha tatu anakinyoosha upande ninaposimama, mkono uko hewani, ananisubiri. Kila siku, Wifi. Na siwezi kugeuka nikajifanya nina kazi upande wa pili, maana upande wa pili haupo tena, na watoto wananitazama. Inabidi niende nikakipokee.

Msalimie sana shemeji Petro, na Benson na wadogo zake. Waambie Hana na Stefano wanawakumbuka. Mama anakusalimu kwa moyo wote na anasema ujitunze mgongo, usibebe maji peke yako. Manase anakusalimu. Hajui kwamba nimekuandikia leo, lakini atajua, nitamwambia nikishaitia barua hii kwenye bahasha.

Sijui utakapofika hapa utakuwa unaniita nani. Mimi bado nakuita wifi, na nakuombea afya wewe na nyumba yako yote.

Ni mimi,
Eliana, mke wa mdogo wako